Ukoo wa Mikono

Mstari mmoja ulikuwa mwekundu.

Zamaradi Mkude aliuona kabla ya mama aliyeketi mbele yake, akajikuta amesogeza uso karibu na kioo cha mashine kana kwamba kwa kuukaribia angeweza kuubadilisha rangi. Haukubadilika. Stadi mia mbili na kumi na moja zilikuwa za kijani, kila moja imefungwa kwa uzi mwembamba kwenye jina la mwalimu na namba ya leseni yake. Ya mia mbili na kumi na mbili ilining'inia peke yake pembeni, na uzi wake ulikwenda kwa mtu asiye na namba.

"Umenyamaza, mwanangu," mama yule alisema. Jina lake lilikuwa Faida Nabintu, mkunga, umri miaka hamsini na moja, kutoka ng'ambo ya ziwa. Aliketi wima, mikono magotini, Taji ya kupimia imemkaa kichwani juu ya kitambaa chake cha maua. "Mashine yenu imenikataa?"

"Haijakukataa, mama. Imekubali karibu kila kitu." Zamaradi akaonyesha ule mstari mwekundu. "Ni moja tu. Kugeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni."

Faida alicheka. "Hiyo? Hiyo ndiyo ninayoijua kuliko zote."

"Mashine pia inasema hivyo. Imekupa tisini na tisa." Katika miaka minne kwenye chumba namba nne cha Baraza la Tathmini, pale Morogoro, Zamaradi hakuwahi kuona tisini na tisa. "Tatizo ni aliyekufundisha."

"Mama yangu."

"Alikuwa na leseni?"

"Mama yangu alikuwa na mbuzi watatu na shamba la mihogo."

Zamaradi akaacha kuandika. Akamwomba amwonyeshe. Kwenye kona ya chumba palikuwa na tumbo la mpira juu ya meza, kubwa, la rangi ya kahawia, na mtoto wa mpira ndani yake amekaa kitako. Faida akainuka na Taji yake kichwani, akasugua viganja hadi vikapata joto, kisha akakunja ngumi na kuligonga lile tumbo polepole, mara mbili, kwa kifundo cha kidole.

"Hodi, mwenye nyumba," akasema. "Wageni wamefika. Hebu geuka utusalimie, usitukalie namna hiyo."

Zamaradi aliangua kicheko kabla hajajizuia. Mabega yake, yaliyokuwa yamekaza tangu asubuhi, yakashuka yenyewe. Alipofuta macho, mtoto wa mpira alikuwa tayari kichwa chini.

"Kwa nini unabisha hodi?"

"Mama alisema mtoto ndiye mwenye nyumba. Huingii kwa mtu bila hodi."

"Inasaidia nini?"

Faida akafikiri. "Sijui kama inasaidia. Ndivyo tunavyofanya."

Ikabidi Zamaradi amweleze sheria. Alieleza kwa maneno aliyofundishwa, sauti ikizidi kuwa ndogo. Zamani watu walipimwa kwa vyeti vya karatasi, na karatasi zilighushiwa, na madaktari wasiojua hata mshipa ulipo walipasua watu wakawaua. Sheria ikafuta karatasi. Siku hizi Taji inasoma ujuzi moja kwa moja kichwani, na kila ujuzi lazima uwe na ukoo: mwalimu mwenye leseni, aliyefundishwa na mwenye leseni. Ujuzi usio na ukoo huwezi kuufanyia kazi. Ni lazima ung'olewe.

"Ung'olewe," Faida akarudia. "Kama jino."

"Hauumi, mama. Kinachotoka ni stadi tu."

"Na mama yangu?"

Zamaradi akatazama kioo.

"Sikiliza, mwanangu. Sina picha yake. Ziwa lilipopanda lilichukua nyumba na vyote vilivyokuwemo. Nilichobaki nacho ni mikono yake juu ya mikono yangu, hivi." Akaweka kiganja kimoja juu ya kingine. "Mkiiondoa hiyo, nitamkumbuka akiwa anafanya nini?"

Jibu Zamaradi alikuwa nalo. Katika faili lake mwenyewe, ukurasa wa mwanzo, paliandikwa: stadi ya nyumbani, moja, imeng'olewa. Alilelewa na bibi yake mzaa mama. Aliikumbuka nyumba, jiko, sauti ikimwita kutoka uani. Lakini pale ambapo mikono ya bibi ingetakiwa kuwepo palikuwa na ukungu mweupe, na mara nyingine, akiwa amekaa tu, vidole vyake vilianza kupishana juu ya meza, vikisuka kitu asichokijua.

"Basi sitaki leseni," Faida akasema, akishika Taji kama anayevua kofia. "Nipe mkoba wangu nirudi nilikotoka."

"Kilichokwisha kuonekana hakiachwi, mama. Ukitaka leseni au usitake." Alihisi aibu ikimpanda shingoni. "Ulisaini fomu. Ukurasa wa tisa."

Faida aliishusha mikono taratibu.

"Miye nimeona watu wakichukua ng'ombe wa wenzao," akasema. "Wakichukua mashamba. Hii sijaiona."

*

Bwana Shekiondo, msimamizi wa vyumba vyote sita, alikuwa akinywa chai na mihogo ya kukaanga. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na kila mtu alimwogopa.

"Dada Pole!" alimwita Zamaradi alipoingia. Ndilo jina walilompa wanafunzi alipokuwa mwalimu wa wauguzi, nalo lilimfuata mpaka hapa. "Mbona uso umekuwa hivyo? Umekutana na bibi wa mtu?"

"Mama wa mtu."

"Aa, akina mama wana mizizi mirefu. Mimi tangu asubuhi nimeng'oa mababu wawili na shangazi mmoja, na chai hata haijapoa." Akamsogezea sahani ya mihogo. "Kula. Nimeshaidhinisha ya huyo wako. Saa nane mchana, akimaliza tu jaribio la mikono."

Zamaradi hakula. "Mzee, mzizi wa stadi unaweza kuhama kwa mwalimu mwingine?"

Alijua Shekiondo alipenda kueleza kuliko kula. Yule bwana akafuta vidole.

"Unahama sana tu. Unajua, watu wanadhani Taji inasoma aliyekufundisha. Haisomi hivyo. Mtu akikuonyesha kitu vizuri, kwa upole, ubongo unakula chakula na kumsahau mpishi. Lakini akikuambia umekosea, uso ukawaka moto, ukatamani ardhi ipasuke, hapo jina lake linachongwa. Taji inatafuta kovu. Jina lililo juu ya kovu ndiyo ukoo wako." Akacheka. "Kwani hujiulizi kwa nini wewe, miaka mitano ya ualimu, hakuna mti wa ukoo hata mmoja wenye jina lako? Hukumuumiza mtu!"

Ilikuwa kweli. Zaidi ya wanafunzi mia tatu walipita mikononi mwake, nao wote Taji iliwahesabu watoto wa walimu wengine, wale waliokuwa wakipiga meza.

"Na mtu mzima akikosolewa upya?"

"Mzizi unamfuata aliyemuumiza mwisho, ilimradi huyo ana leseni. Lakini aumie kweli. Taji haidanganyiki na maigizo. Tulijaribu hapa sisi kwa sisi, tukatukanana wee, tukaishia kushika mbavu. Ukishajua ni mchezo, hakuna kovu." Akachukua kipande kingine cha muhogo. "Na kovu lenyewe si la milele. Akitokea mtu akambembeleza, akamwambia ya zamani ndiyo ilikuwa sahihi, linafunguka, mzizi unarudi ulikotoka. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu," Zamaradi akasema.

Leseni yake ya ualimu ilikuwa bado hai. Aliilipia kila mwaka bila kujua kwa nini.

Alikwenda msalani, akafunga mlango, akasimama mbele ya kioo. Saa sita na nusu. Kama angenyamaza, saa nane Faida angeondolewa ujuzi wake na mikono ya mama yake kwa pamoja, na wanawake wa makazi ya kando ya ziwa, alikopangiwa kazi, walioambiwa kwamba yule anayegeuza watoto anakuja, wangempata mtu mwingine kabisa. Kama angefanya lile alilokuwa akiliwaza, ujuzi ungebaki. Mama pia angebaki. Angebaki akiwa ametiwa doa, na Faida hangeruhusiwa kujua kamwe kwamba doa lile ni la uongo.

Hangeweza kumwomba ruhusa. Ruhusa ndiyo ingeharibu kila kitu.

Kilichobaki ni kuchagua kosa la kumsingizia. Lilipaswa kuwa kitu kidogo, kisicho na kazi, ambacho kukiondoa hakungemdhuru mgonjwa yeyote. Alilipata haraka, na wakati ule alijiona mwerevu.

*

Faida alirudi chumbani macho yamevimba, lakini kitambaa cha maua amekifunga upya, vizuri. Hata sasa alimsalimia.

"Umekula, mwanangu?"

"Simama pale mezani," Zamaradi akasema. "Vaa Taji. Geuza."

Faida alimtazama. Kisha akalisogelea tumbo la mpira, akasugua viganja, akakunja ngumi. Akagonga mara moja.

Zamaradi akaupiga ule mkono.

Hakuwahi kumpiga mtu tangu azaliwe. Sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyotarajia.

"Unafanya nini wewe?"

Neno lile, wewe, kwa mwanamke wa umri wa mama yake, lilimchoma ulimi. Faida alirudi nyuma hatua moja.

"Nabisha... nilikuonyesha asubuhi. Ulicheka."

"Nilikucheka wewe. Hapa ni hospitali au ngoma? Unagonga tumbo la mtu kama mlango wa choo? Nani aliyekufundisha uchafu huu?"

"Mama yangu, nimekwambia—"

"Mama yako alikuwa mchunga mbuzi." Kwenye kioo, ule uzi mwekundu ulitikisika kidogo, ukatulia. Haitoshi. Zamaradi akashika ukingo wa meza. "Wangapi walikufa mikononi mwake?"

Faida akautazama mkono wake uliopigwa.

"Nimekuuliza. Wangapi?"

"Ni kazi ya Mungu, mambo hayo. Mama hakuwa—"

"Wangapi!"

Midomo ya Faida ilicheza bila sauti. Alikuwa ameangalia sakafu, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Mmoja," akasema. "Mke wa Byamungu. Damu ilikataa kukatika."

"Mmoja unayemjua," Zamaradi akasema. "Na aligongewa hodi?"

"Ndiyo."

"Mtu mwenye akili timamu hagongi tumbo lenye mtoto. Mkono wazi. Kimya. Mama yako alimuua yule mwanamke, na wewe umekuja kutuletea mkono uleule."

Hakukuwa na hata chembe ya ukweli katika maneno yale. Zamaradi alijua, kama muuguzi, kwamba kubisha hodi hakumtoi mtu damu. Faida naye, kwa stadi zake zote mia mbili na kumi na moja, alikuwa akijua. Lakini alikuwa amechoka, amesafiri siku nne, ameambiwa tangu asubuhi kwamba kuna kitu kibaya ndani yake, na kifo cha yule mwanamke alikuwa amelala nacho miaka thelathini bila kumpata wa kumlaumu. Sasa aliletewa wa kumlaumu. Zamaradi aliona lile wazo likimwingia. Aliliona likiketi.

Uso wa Faida ulikunjamana. Alilia kwa sauti nyembamba, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Mkono wazi," Zamaradi akasema. "Kimya. Tena."

Akafanya. Alikosea, kidole kilijikunja chenyewe kutaka kugonga. Zamaradi akaupiga tena ule mkono. Tena. Mara ya ishirini kidole hakikujikunja. Mara ya thelathini mtoto wa mpira aligeuka kwenye kimya kitupu, na kwenye kioo uzi mwekundu ukaachia pale uliposhikilia, ukayumba, ukashika jina jipya na kugeuka kijani.

Zamaradi Mkude, leseni hai.

Mlangoni, Bwana Shekiondo alikuwa amesimama na kikombe chake. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini. Aliangalia kioo, akamwangalia yule mama anayelia, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Na mimi nilidhani una moyo wa uji," akasema. "Leo umekuwa mwalimu."

Faida alivua Taji kwa mikono miwili, akampa Zamaradi kama mtu anavyompa mkubwa wake kitu.

"Aksanti, mwalimu," akasema.

*

Sheria ilimtaka mwalimu wa ukoo aende kumwona mwanafunzi wake kazini, mara moja, ndani ya miezi mitatu. Zamaradi aliahirisha mara mbili. Wiki ya kumi alikosa visingizio.

Wodi ya wazazi, kwenye hospitali mpya ya makazi kando ya ziwa, ilikuwa safi, milango yake ikifunguka yenyewe mtu akikaribia. Faida alimpokea kwa mikono miwili. Alikuwa amekonda. Kwenye kifundo cha mkono wake palikuwa na bangili ya kijivu, ile inayousoma ukoo kila alfajiri na kuyanasa maneno yote yanayosemwa karibu yake.

"Karibu, mwalimu. Karibu sana. Umekuja siku ya kazi."

Kitandani alilala msichana aitwaye Mwanahawa, mimba ya kwanza, mtoto amekaa kitako. Alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, na macho yake yalikuwa makubwa kwa woga.

"Watanipasua?" alimuuliza Zamaradi. "Nimeambiwa wakishindwa wananipasua."

"Tulia, mama," Faida akasema. Akasugua viganja. Akaweka mikono wazi, kimya, juu ya tumbo.

Tumbo lilikuwa gumu kama jiwe. Zamaradi aliliona kutoka alipokuwa amesimama: ngozi imevutika, misuli imekaza, msichana mzima amekuwa ngumi moja iliyofumbwa. Faida alisukuma. Alijaribu kutoka kulia, akajaribu kutoka kushoto. Jasho lilimtoka puani. Mtoto hakusogea hata upana wa kidole, na Mwanahawa akaanza kulia, na kadiri alivyolia ndivyo alivyozidi kukaza.

"Nimegeuza wawili tu tangu nije," Faida alimnong'oneza Zamaradi, bila kumwangalia. "Wawili kati ya tisa. Zamani nilikuwa... au labda nilijidanganya. Mama alinifundisha vibaya sana, mwalimu. Bado yananivuta mazoea yake. Laiti ungenipata nikiwa bado kijana."

Hapo ndipo Zamaradi alipoelewa.

Ilimrudia asubuhi ile chumba namba nne: kifundo cha kidole juu ya mpira, hodi, mwenye nyumba, na jinsi kicheko kilivyomtoka bila kupenda na mabega yakashuka yenyewe. Alikuwa amecheka. Kila mwanamke aliyebishiwa hodi tumboni alicheka. Na tumbo la anayecheka linalegea, na ndani ya ule ulegevu, kwa muda wa pumzi mbili tatu, mtoto anageuka. Mama wa mbuzi watatu hakuwa na neno la kulieleza jambo hilo. Alikuwa na desturi tu. Tumbo la mpira halikazi na halilegei, ndiyo maana lilimpitisha.

Alikuwa amechagua kitu kisicho na kazi, na kumbe ndicho kilichokuwa kazi yenyewe.

Neno lilimjaa mdomoni. Silabi mbili. Angemwambia tu abishe. Angemwambia kwamba mama yake alikuwa sahihi. Mtoto angegeuka hapo hapo. Na kesho alfajiri bangili ingesoma kovu lililofunguka, uzi ungerudi kwa mwanamke asiye na namba, na kabla ya saa sita wangekuja na mashine ndogo, wakang'oa stadi, na hodi, na mikono juu ya mikono. Wangebaki na Faida asiyegeuza hata wale wawili.

"Jaribu mara moja zaidi," Zamaradi akasema.

Faida akavuta pumzi, akalisogelea tumbo. Na Zamaradi akaona mkono wa kulia, bila mwenyewe kuujua, ukipanda hewani. Vidole vikajikunja. Kifundo kikatangulia, kikashuka, kikafika upana wa ukucha kutoka ile ngozi iliyokaza. Mwanahawa alikuwa ameacha kulia. Alikitazama kile kidole kwa mshangao, na pembeni ya mdomo wake kitu kama tabasamu kilianza.

Faida akashtuka. Akaurudisha mkono kama aliyegusa jiko la moto, na kwa mkono wa kushoto akaupiga, kofi moja kali lililosikika wodi nzima.

"Mkono wazi," akajiambia. "Kimya."

Tabasamu la yule msichana likazimika. Tumbo likakaza.

Nyuma yao mlango ukafunguka, na kitanda cha magurudumu cha chumba cha upasuaji kikaingia. Faida alikuwa amegeuka. Macho yake yalikuwa na machozi na yalikuwa yaking'aa, macho ya mwanafunzi aliyejikamata mwenyewe kabla ya kukosea, na yalimtazama Zamaradi yakisubiri.

Zamaradi akaitikia kwa kichwa.

"Vizuri," akasema. "Hivyo hivyo."